Je, Wajua? Kioo chenye fuwele ndani yake

Barabara ya Singida ikishatoka Babati mjini hupita chini ya Mlima Hanang, volkano iliyozimika yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Mwaka 2016 na mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Montpellier, Ufaransa, wakiwamo Céline Baudouin na Fleurice Parat, walichapisha uchunguzi wao wa mawe ya lava ya mlima huo. Ndani ya punje za madini ya nefelini walikuta vitone vidogo mno vya magma, vilivyonaswa wakati punje zenyewe zilipokuwa zikikua chini ya ardhi. Kitone kimoja kina kioo, kina kaboneti, na kina kipovu cha gesi. Magma ilianza kujipanga kuwa madini, ikapoa kabla haijamaliza, na kioo kikabaki katikati.

Hali hiyo ya kuishia njiani ndiyo habari yetu safari hii. Iko kwenye vikombe vya nguzo za umeme, kwenye uso wa jiko la kisasa, kwenye meno yanayowekwa na madaktari na kwenye sahani nyeupe ya pilau. Kote huko mambo mawili makubwa, uimara wa kitu na tabia yake mbele ya umeme, hutegemea swali moja: fuwele ni kiasi gani, na kilichobaki katikati yake ni nini?

Je, wajua kioo na kwatzi vinaweza kuwa na atomi zilezile?

Mchanga mweupe wa kutengenezea kioo ni silika. Kwatzi nayo ni silika. Ukiyeyusha silika ukaipoza haraka, unapata kioo. Tofauti iko kwenye mpangilio tu. Atomi za fuwele zimejipanga kama askari wa gwaride, na za kioo zimesimama kama watu mnadani: wamebanana, lakini hakuna safu.

Ukikiweka kioo kwenye joto kali kwa muda mrefu, safu huanza kujitokeza zenyewe. Kwa mtengenezaji wa chupa jambo hilo ni hasara tupu, kwa sababu fuwele chache zilizojiotea ovyo hukifanya kioo kipasuke kwa urahisi. Mfaransa René-Antoine de Réaumur alilijaribu makusudi mwaka 1739. Alizika chupa katika mchanga na jasi, akazichoma kwa siku kadhaa, akitaka zigeuke kauri. Ziligeuka kweli, lakini zilikuwa dhaifu. Ilichukua zaidi ya miaka 200 kabla mtu mwingine hajapata jibu, na alilipata kwa ajali.

Je, wajua kioo cha volkano kilisafirishwa hadi Ziwa Eyasi zamani za mawe?

Volkano zikitoa lava yenye silika nyingi, nayo ikapoa upesi, hutokea obsidiani, kioo cheusi cha asili chenye makali kupita wembe. Bonde la Ufa lina machimbo yake mazuri huko Naivasha na Eburru, Kenya. Katika pango la Mumba, kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini-magharibi ya Babati, wanaakiolojia wamekuta vipande vya obsidiani ambavyo kemia yake inarudi moja kwa moja kwenye eneo la Naivasha, mwendo wa kilomita 300 hivi. Kule Olorgesailie, Kenya, obsidiani ya mbali ilikuwa ikitumika karibu miaka 300,000 iliyopita.

Obsidiani nayo haidumu kuwa kioo milele. Polepole mno hujigeuza fuwele, na mara nyingine hutoa madoa meupe ya kristobaliti, fuwele za silika, ndani ya weusi wake. Ndiyo maana vioo vya asili vya umri wa mamia ya mamilioni ya miaka ni adimu duniani.

Je, wajua tanuri lililoharibika ndilo lililotupatia sufuria isiyoogopa moto?

Mwaka 1953, mkemia S. Donald Stookey wa kampuni ya Corning, Marekani, aliweka katika tanuri kipande cha kioo chenye lithiamu na chembe chache za fedha. Alikusudia nyuzijoto 600. Kidhibiti joto kikagoma, na tanuri likapanda hadi 900. Stookey alitegemea kukuta uji wa kioo umemwagika na tanuri limeharibika. Badala yake alikuta kipande kimeshika umbo lake, cheupe pe. Alipokitoa kwa koleo kikamponyoka, kikaanguka sakafuni na kulia kama chuma. Hakikuvunjika.

Kilichotokea ni hiki. Chembe za fedha zilikuwa zimetawanyika kioo kizima, na kila chembe ikawa mahali pa kuanzia fuwele. Badala ya fuwele chache kubwa zilizomea kutoka kwenye uso, kama alizozipata Réaumur, zikatokea fuwele nyingi mno, ndogo mno, kwa wakati mmoja. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na oksidi za titani na zirkoni. Fundi huyeyusha kioo, hukipa umbo, kisha hukirudisha kwenye joto kwa awamu mbili: ya kwanza vianzio vizaliwe, ya pili fuwele zikue. Hiki ndicho tutakachokiita kioo-kauri.

Uimara wake una sababu inayoeleweka. Ufa ukianza kwenye kioo cha dirisha hauna wa kuuzuia, hukimbia hadi mwisho. Kwenye kioo-kauri hugonga fuwele, hupinda, hugonga nyingine, na kila kona huupunguzia nguvu. Kuanzia mwaka 1958 vyombo vya jikoni vya CorningWare viliuzwa kwa sifa hiyo: kutoka kwenye jokofu moja kwa moja hadi motoni.

Je, wajua kuna kioo kisichotanuka kwa joto, lakini kinachoanza kupitisha umeme?

Hapa pana utamu, tutulie kidogo.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Pamoja na mitungi ya gesi na presha kuka, madukani yapo pia majiko ya umeme ya bapa, yenye uso mweusi unaong'aa. Uso ule huonekana kama kioo cha kawaida kilichopakwa rangi. Majiko mazuri ya aina hiyo yana kioo-kauri cha lithiamu, alumini na silika, na sehemu kubwa ya ujazo wake ni fuwele za makumi ya nanomita tu. Fuwele hizo ni ndogo kuliko mawimbi ya mwanga, na ndiyo maana macho hayazioni. Weusi mara nyingi huletwa na oksidi ya vanadi, inayozuia mwanga wa kawaida lakini ikaruhusu joto la infraredi lipite hadi kwenye sufuria.

Kioo cha dirisha cha urefu wa mita moja kikipandishwa joto kwa nyuzi 100 hurefuka karibu milimita 0.9. Upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, tofauti hiyo hukipasua. Fuwele za kwenye jiko hufanya kinyume: zikipata joto, husinyaa kidogo. Kioo kilichobaki katikati yake hutanuka. Anayetanuka na anayesinyaa wakipimwa vizuri, hujumlisha karibu sifuri. Unaweza kumwagia maji baridi juu ya duara linalowaka nyekundu na uso ukabaki mzima. Kampuni ya Schott ya Ujerumani ilitumia kanuni hiyohiyo, kuanzia mwaka 1968, kutengeneza Zerodur, malighafi ya vioo vya darubini kubwa za anga. Vioo vikuu vya darubini ya VLT kule Chile, kila kimoja kipana mita 8.2, ni vya kioo-kauri hicho.

Sasa umeme. Kila mtu amefundishwa shuleni kwamba kioo hakipitishi umeme. Ni kweli kikiwa baridi. Ndani ya kioo kuna ioni ndogo za sodiamu au lithiamu zilizobanwa kati ya atomi za silika na oksijeni. Joto likipanda, ioni hizo hupata nguvu ya kuruka kutoka nafasi moja hadi nyingine, na mkondo wa umeme huanza kupita. Ukinzani wa umeme wa kioo-kauri cha jiko hushuka mara mamilioni kati ya joto la chumbani na nyuzi 250. Kwa hiyo uso uleule usiojali joto kwa umbo lake, hulijali sana kwa umeme wake. Waya unaowaka chini ya uso haugusi kioo. Wasanifu huacha nafasi kwa makusudi.

Wanasayansi wa fani hii wamejifunza jambo ambalo mwanzoni halionekani. Kuongeza fuwele kunaweza kuongeza uhami, yaani uwezo wa kuzuia umeme, au kuupunguza. Fuwele zikimeza ioni za lithiamu na kuzifungia ndani, njia za umeme hupungua. Lakini fuwele zikimeza silika na kuziacha ioni nje, kioo kinachobaki katikati hujaa ioni hizo, na umeme hupita kirahisi kuliko mwanzo. Vipande viwili vya mapishi mamoja, vilivyochomwa kwa joto tofauti, vinaweza kuwa na tabia mbili zisizofanana hata kidogo.

Ukitaka uhami wa hakika, ondoa kabisa sodiamu na lithiamu. Hivyo ndivyo IBM walivyofanya kwa kompyuta zao kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1990: walitumia kioo-kauri cha kodieriti, chenye magnesi, alumini na silika, wakalaza ndani yake tabaka zaidi ya 60 za nyaya za shaba. Kilichomwa chini ya nyuzi 1,083, kiwango ambacho shaba ingeyeyuka.

Je, wajua vikombe vya nguzo za umeme ni kioo kwa sehemu?

Babati ni njia panda ya umeme kama ilivyo njia panda ya mabasi. Laini ya kilovolti 220 kutoka Singida kwenda Arusha inapita hapa, kuna kituo cha kupoza umeme, na laini ya kilovolti 400 ya kuunganisha Tanzania na Kenya, kutoka Singida kupitia Babati, Arusha na Namanga hadi Isinya, imefuata ushoroba huohuo. Waya mtupu wenye nguvu hiyo unatenganishwa na mnara wa chuma kwa vihami tu, ambavyo mafundi wa TANESCO na wananchi huviita vikombe.

Vikombe vya kahawia au vyeupe vya kwenye nguzo za mitaani ni kauri. Mapishi ya zamani ni nusu udongo wa kaolini, robo feldispa, robo kwatzi, na moto wa nyuzi 1,300 hivi. Feldispa huyeyuka na kuwa kioo kinachojaza kila tundu. Kaolini hugeuka sindano nyembamba za fuwele za mulaiti zinazosukana ndani ya kioo hicho. Kwatzi hubaki punje. Ukikata kikombe na kukitazama kwa hadubini, unaona undugu wake na kitone cha Hanang: fuwele na kioo vimekaa pamoja.

Kila kiungo kina deni lake. Kioo ndicho kinachoziba matundu ili maji ya mvua yasipenye, lakini pia ndicho chenye ioni zinazotembea. Ndiyo sababu watengenezaji hupendelea feldispa ya potasiamu kuliko ya sodiamu, kwa kuwa ioni ya potasiamu ni kubwa na nzito kusogea. Kwatzi huongeza ugumu, lakini ikipoa na kupita nyuzi 573 husinyaa ghafla na inaweza kuacha nyufa ndogo pembeni mwake. Kwa mizigo mizito ya laini kubwa, kwatzi hubadilishwa kwa alumina.

Kaolini tunayo. Vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vinajulikana kwa kaolini kwa miaka mingi. Leonard Akwilapo, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, pamoja na Kjell Wiik wa Norway, walichapisha utafiti kuhusu kauri ya kaolini ya Pugu, sehemu ya kwanza mwaka 2003. Walichunguza matundu yake na nguvu yake ya kuhimili kupindwa, kisha wakaihusisha nguvu hiyo na aina za fuwele na kioo zilizotokea motoni. Kwa maoni yangu, utafiti wa namna hii unastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa uhandisi nchini kabla hajaanza kusoma mifano ya nje. Nchi inayosambaza umeme vijijini kwa kasi hii inahitaji vikombe kwa wingi mno, na udongo uko Pugu.

Je, wajua kipande cha bluu hugeuka jino jeupe?

Watu wengi waliokulia Manyara na Arusha wana meno yenye madoa ya kahawia. Chanzo ni floraidi iliyozidi katika maji ya kunywa wakati meno ya mtoto yalipokuwa yakiumbika, na floraidi hiyo hutoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hakuna aibu yoyote katika meno hayo, na kinga ya kweli ni maji salama kwa watoto wanaozaliwa leo.

Kwa mtu mzima anayetaka kuyafunika au kuyatengeneza upya, mojawapo ya vifaa bora vya madaktari wa meno ni kioo-kauri cha lithiamu disilikati. Hutolewa kiwandani kikiwa kipande cha rangi ya bluu, fuwele zake bado ni za aina laini, na mashine hukichonga bila taabu. Kisha huchomwa kwa nyuzi 850 hivi kwa muda mfupi. Fuwele za mwanzo hupotea, zinazaliwa nyingine ndefu zilizosukana, zikifikia karibu asilimia 70 ya ujazo, na rangi ya bluu huondoka ikaacha weupe wa jino. Nguvu yake ya kuhimili kupindwa huongezeka zaidi ya mara mbili.

Floraidi yenyewe ina kazi njema ikiwa mahali pake. Ukiitia kwenye kioo chenye magnesi na potasiamu, hukusaidia kuotesha fuwele za ulanga ndani yake. Kioo-kauri cha Macor, cha Corning, kina ulanga wa namna hiyo kwa zaidi ya nusu. Unaweza kukitoboa kwa keekee ya kawaida ya fundi chuma na kisipasuke, na bado ni kihami kizuri cha umeme.

Je, wajua mbolea ya Minjingu ni ndugu wa mfupa wako?

Minjingu, katika Wilaya ya Babati, huchimbwa fosfeti ya mbolea. Ni mabaki ya ndege na samaki wa enzi ambazo Ziwa Manyara lilikuwa kubwa zaidi. Madini yake ni ya jamii ya apatiti, jamii ileile inayojenga mifupa na meno. Mwaka 1982 Mjapani Tadashi Kokubo na wenzake walitangaza kioo-kauri kilichooteshwa fuwele za apatiti na za madini mengine, wolastoniti, ndani yake. Mwili wa binadamu hukipokea, na mfupa hujishika nacho moja kwa moja. Kimetumika kwa wagonjwa wa uti wa mgongo.

Je, wajua weupe wa sahani na wekundu wa ushanga ni kazi ya chembe?

Sahani nyeupe za kioo zinazouzwa kila soko hazina rangi nyeupe ndani yake. Zina vifuwele vya floraidi vinavyotawanya mwanga. Ushanga wa zamani vilevile. Shanga zilizofukuliwa Unguja Ukuu, Zanzibar, na kuchunguzwa na Marilee Wood na wenzake, nyingi zilitoka India na Sri Lanka zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Njano yao imetokana na fuwele za risasi na bati, na wekundu wa matofali umetokana na chembe ndogo mno za shaba. Mafundi wale hawakuwa na hadubini, lakini walijua moto wao.

Je, wajua lithiamu ya Kongo inaweza kuwa betri ya kioo?

Mwaka 1997 mtafiti Jie Fu alichapisha habari za kioo-kauri cha fosfeti chenye lithiamu, titani na alumini. Kikiwa kioo kitupu, hupitisha ioni kwa shida. Kikishaoteshwa fuwele, hupitisha mara nyingi zaidi, hata kwenye joto la chumbani, kwa sababu fuwele hizo zina njia wazi zinazotosha ioni ya lithiamu. Kinyume kabisa na kikombe cha nguzo: hapa tunataka umeme upite, lakini wa ioni peke yake. Watengenezaji wa betri zisizo na kimiminika kinachoweza kuwaka wanakifuatilia kwa karibu. Lithiamu yenyewe iko jirani: Manono, katika mkoa wa Tanganyika, Kongo, kuna mojawapo ya akiba kubwa zinazojulikana za spodumeni, madini yenye lithiamu, na petaliti ya Bikita, Zimbabwe, yenye lithiamu pia, imetumika viwandani kwa vioo-kauri kwa miaka mingi.

Neno kwa mwenye jiko

Ikiwa nyumbani una jiko la umeme lenye uso wa kioo, kagua uso wake kila unapolisafisha. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, zima na uchomoe waya wake ukutani, usilitumie tena mpaka uso ubadilishwe. Maji ya chumvi ya mboga yanayopenya kwenye ufa hufika hadi kwenye waya wenye umeme, na uso huo ndio uliokuwa ukiutenga umeme na mkono wako. Nje nako, ukiona kikombe kimepasuka au waya umening'inia, usisogee wala usimruhusu mtoto asogee. Piga simu TANESCO.